Hatua Ishirini za Mama Pasi

Nikiambia watu kwamba niko hai kwa sababu ya mama mmoja aliyekuwa anapiga pasi soko ya Gikomba, wanadhani nimeanza zangu. Ni kweli mimi huwa na zangu. Shule niliachia kidato cha pili, na hata huko nilifika kwa kusukumwa, kama gari iliyoisha betri. Lakini hii si ya kuchekesha. Ama si yote.

Jina lake nalijua, ila sitalisema, hata yeye hangependa. Soko nzima ilimwita Mama Pasi, na ukiuliza Mama Pasi ni nani, utaonyeshwa kidole hadi kwa meza yake. Alizaliwa wapi, babake alikuwa nani, hayo muulize mtu wa kanisa lao. Mimi najua tu vile alikuwa anatembea.

Alikuwa anatembea hatua ishirini.

Wacha nieleze. Sisi tulikuwa watu wanne na gari moja. Mimi dereva. Mutiso, muuza viatu, mtu mrefu mwenye aibu ya kuwa mrefu. Halima wa Pumwani, muuza nguo za watoto, mdomo kama wembe. Na Mama Pasi. Tulikuwa tunatoka Nairobi Jumatatu na marobota ya mitumba, tunazunguka masoko ya Machakos na Kitui siku nne au tano, kila siku na soko lake, halafu tunarudi. Kulala ni ndani ya gari. Wanaume huku, wanawake kule, katikati leso imetundikwa. Gari ndiyo duka, ndiyo nyumba, ndiyo jikoni mvua ikinyesha. Watu wa mtaani walikuwa wananiuliza, "Sasa wewe siku hizi unaishi wapi?" Nawaambia, "Inategemea breki."

Na tulikuwa na jenereta. Ilikuwa ya Mama Pasi. Bila hiyo jenereta sisi tungekuwa kama wale wengine wote, nguo zimerundikwa chini kwa turubai kama zimefukuzwa kwao. Na hiyo jenereta, shati lililokunjamana miezi mitatu kwa robota linapigwa pasi mbele ya macho ya mteja, linatundikwa, mteja anaona ni kama limetoka dukani jana. Mutiso alikuwa anasema pasi ya Mama Pasi ni ubatizo. Shati linaingia mwenye dhambi, linatoka Mkristo.

Sasa tukifika soko, kabla mtu hajashusha hata soksi, Mama Pasi anashuka. Anasimama kwa mlango wa gari, anainua pindo la leso yake, anaangalia linapepea kuelekea wapi. Halafu anafuata huko upepo unakoenda, polepole, anahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Mtu akimsalimia katikati anainua mkono, hajibu mpaka afike ishirini. Hapo ishirini ndipo jenereta inakaa, juu ya kipande cha mbao, na bomba la moshi limeangalia mbali na sisi, mbali na mlango wa mtu yeyote.

Siku ya kwanza nilimwambia, "Mama, hatua kumi si zinatosha? Waya wenyewe ni mzito."

Akaniangalia kutoka viatu kwenda juu. "Wewe ndiyo umenunua waya?"

"Hapana, mama."

"Basi vuta."

Na huo waya lazima uvutwe wote, hata kama hauhitajiki wote. Hakutaka kuona umejikunja kwa kigurudumu chake cha kuzungushia. Alisema waya uliojikunja ukipitisha stima nyingi unapata joto, na joto linakosa pa kutokea. "Ni kama mtu aliyemeza maneno," alisema. "Siku moja utasikia harufu yake."

* * *

Kama ungemwona anavyoibeba hiyo jenereta ungesema ni maiti ya chifu.

Kwanza haikuingia ndani ya gari. Kamwe. Alienda kwa mafundi wa kuchomelea vyuma karibu na Gikomba, akawasimamia mpaka wakatengeneza kiti cha chuma nyuma ya gari, nje, chenye mikono minne. Jenereta inakaa hapo wima, imefungwa kwa blada za tairi, imefunikwa, imetiwa mnyororo na kufuli. Halima alilalamika miezi. "Mimi nakaa juu ya robota, jenereta inakaa kwa kiti. Hii gari inajua kuchagua wageni."

Halafu huwezi kuipakia ikiwa moto. Hapo ndipo tulikuwa tunakosana. Soko imeisha, mawingu yamekuja, kila mtu anataka barabara, na Mama Pasi amezima jenereta, ameketi kando yake kwa kastuli, kiti chake kidogo, na kikombe cha chai. Anakunywa ile chai kama ameambiwa ndiyo ya mwisho duniani. Andazi anapasua vipande vidogo vidogo. Mutiso anazunguka gari, mimi napiga honi.

"Mama, tunachelewa!"

"Haijapoa."

"Jenereta ama chai?"

"Zote."

Kikombe kikiisha ndiyo anafunga ile koki ya petroli, anakaza kifuniko, anapitisha kidole chini kuona kama kuna tone. Ndiyo anasema, "Njooni mbebe. Mgongo wima, msiinamishe, hiyo si gunia." Mpaka leo mimi nikizima injini ya aina yoyote nasikia kiu ya chai.

Kuongeza petroli vilevile. Inazimwa, inapoa, ndiyo inakunywa. Wateja wawe wangapi, wawe wamepiga foleni mpaka kanisani. Siku moja mwalimu fulani alikuwa anangojea suruali yake, akasema kwa ule ukali wa walimu, "Si uongeze tu ikiwa inanguruma, nimeona watu wakifanya." Mama Pasi akamjibu, "Hao watu bado uko nao?" Mwalimu akangoja. Mimi nilifurahi sana, kwa sababu zangu za zamani na walimu.

* * *

Hii ya petroli lazima nijiseme mwenyewe, kwa sababu nisiposema Halima atasema.

Mtaani kwetu petroli ya akiba inawekwa kwa chupa ya soda. Hiyo ni kama sheria. Ukienda kwa mtu yeyote wa pikipiki Mbotela, chini ya kitanda kuna chupa ya soda yenye kitu ambacho si soda. Mama Pasi alikuwa na mkebe wake wa chuma, mwekundu, unafungwa kwa kuzungusha, unakaa nje pamoja na jenereta. Mimi nikaona huo ni urembo. Nikajaza nusu lita yangu kwa chupa, nikaiweka chini ya kiti cha dereva. Akiba, si unajua. Mwanaume kamili ana akiba.

Ilikuwa jua ya kupasua kichwa, tukielekea Kitui. Nikanyoosha mkono chini ya kiti bila kuangalia, nikafungua chupa, nikapiga funda moja la maana.

Sitaeleza hiyo ladha. Nitasema tu gari ilisimama yenyewe kwa mtaro na mimi nikatoka nikikimbia kuelekea mahali sikujua. Mutiso akapiga kelele, "Mtapisheni! Mpeni maziwa!" Mama Pasi akanishika kola. "Hakuna kutapika. Ikirudi juu itaingia kwa mapafu. Funga mdomo, kaa, tunaenda kwa daktari." Akanikalisha, akamwambia Mutiso aendeshe, na njia yote alinishika mkono kama mimi ni mtoto wa nasari. Sikusikia hata neno moja la kunigombeza. Daktari alinilaza mpaka kesho yake, akasema mapafu yako sawa, nimebahatika.

Siku mbili nilikuwa nikibeua, Mutiso anasogeza kiberiti chake mbali.

Wiki iliyofuata nikakuta mkebe mwekundu wa pili kwa kile kiti cha chuma. Mdogo. Amefunga kitambaa kwa mpini, na juu ya kitambaa ameshona herufi ya kwanza ya jina langu. Alisema, "Hiyo ndiyo akiba yako. Ukiweka tena kwa chupa, nitakunyoosha na pasi." Nilijua hawezi. Lakini pia sikuwa na uhakika.

* * *

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na ubishi wake.

Huyo mama aliyekuwa anaogopa moshi wa jenereta kuliko polisi, alikuwa amepiga pasi ya makaa miaka na miaka kabla ya kununua jenereta. Na mahali hakuna nafasi ya kuweka jenereta hatua ishirini, anarudi kwa ile ya makaa. Anaipuliza kwa mdomo, jivu linamrukia usoni, anakohoa, anapuliza tena. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi mpaka ukikaa karibu naye ungedhani kuna mtu anamwita. Nikimwambia aende hospitali anasema, "Hii ni homa tu." Homa ya miaka sita.

Hakupenda muziki wetu, lakini jenereta yake ndiyo ilikuwa inalisha amplifaya yangu. Pasi ikishika joto, muziki unashuka wenyewe, na yeye anatabasamu. Siku moja nikaongeza birika la stima juu ya pasi na amplifaya. Jenereta ikagugumia, ikainama, amplifaya ikatoa moshi, ikafa. Akasema tu, "Mmoja akila, mwingine angoje. Hata kwa nyumba ya watu ni hivyo." Nilikaa wiki tatu bila muziki. Nadhani hizo ndizo wiki zake nzuri zaidi.

Jumapili hapigi pasi, ameokoka. Lakini akina mama wa kanisa wakitaka stima ya spika, jenereta inaenda. Nilimuuliza mbona. "Mimi ndiyo nimeokoka," akasema. "Jenereta haijaokoka. Inaweza kufanya kazi."

Na kitu kimoja sikuelewa kwa muda mrefu. Jenereta ikiwa inawaka, halali. Sisi jioni tumemaliza kula, simu zinachajiwa, Mutiso amelala na viatu, yeye yuko nje kwa kastuli, amejifunika leso, anasikiliza ile injini. Akiona simu zimejaa, anazima, anafunga swichi kwa ufunguo wake mdogo, anauvaa shingoni kwa uzi mwekundu, chini ya blauzi. Ndiyo anaingia kulala. Nilimwambia mara nyingi, "Mama, ingia, mimi nitazima." Alikuwa anasema, "Lala, dereva."

Mara moja tu alinipa huo ufunguo.

* * *

Ilikuwa soko moja huko Kitui, wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Kila mzazi anataka sweta, kila sweta linataka pasi. Mama Pasi alikuwa na shangazi mgonjwa karibu na hiyo soko, akasema ataenda kumwona mchana, atarudi. Halima angeshika pasi. Akatoa uzi shingoni, akanipa ufunguo, mkononi, akakunja vidole vyangu juu yake.

"Mvua ikija, zima," alisema. "Usifikirie. Nguo isiyopigwa pasi leo itapigwa kesho."

"Sawa, mama."

"Umesema nini?"

"Mvua ikija, nizime."

Akaenda. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilizungusha ule ufunguo kidoleni kama mtu mwenye nyumba za kupangisha.

Mvua ikaja saa nane. Si manyunyu, mvua ile ya kuja na upepo. Nikakimbia nikazima, kweli nilizima. Hapo ningeacha, hungekuwa unasoma hii. Lakini wateja walikuwa wamejikinga chini ya turubai letu, wamejaa, hawana pa kwenda, kila mmoja na sweta mkononi. Na kule kwa jenereta, vijana wawili walikuwa wamesimama chini ya mti wakiiangalia vile watu huangalia kuku asiye na mwenyewe. Mnyororo wake ulikuwa kwa kiti cha gari, haungefika huko.

Mtu aliyekulia Eastlands ana hofu moja kubwa, na si kifo, ni kuibiwa. Sisi tunaingiza kila kitu ndani. Pikipiki inalala sebuleni. Mtungi wa gesi unalala karibu na kichwa. Hata kamba ya kuanika nguo tunaingiza. Kwa hivyo nilipofikiria vile nitaokoa jenereta ya Mama Pasi, kichwa changu kilinipa jibu moja tu. Ndani.

Mutiso akanisaidia kubeba. Tukaiweka nyuma ya gari, karibu kabisa na mlango, bomba la moshi nikaliangalisha nje. Nilijiona mhandisi. Nikasema, "Moshi unatoka, mvua haiingii, mwizi hafiki. Nani alisema mimi sikumaliza shule?" Halima akacheka. Nikawasha. Halima akaendelea na pasi kule ndani, Mutiso anapanga viatu, mimi napokea masweta kwa dirisha la pembeni. Mvua ikageuka, ikaanza kuingia kwa mlango wa nyuma. Mutiso akauvuta, akaacha nafasi ya mkono. Nami nikafunga dirisha, wateja wangoje kidogo.

Halafu hakuna kitu kilifanyika. Hiyo ndiyo ubaya wake. Moshi hatukuona. Harufu kidogo, lakini mitumba ina harufu zake. Halima akasema, "Kichwa kinanigonga." Mutiso akasema ni njaa. Mimi nilikuwa naeleza hadithi ya mjomba wangu na mbuzi, hadithi ambayo nimeieleza mara mia, na nikasahau mwisho wake. Nikacheka kwa sababu nimesahau. Nikaona wacha nikae kidogo juu ya robota. Lilikuwa laini ajabu. Nakumbuka nikifikiria, kumbe nimechoka hivi?

Mengine nimeambiwa.

Mama Pasi alikuwa anarudi, amejifunika karatasi ya nailoni, bado yuko ng'ambo ya soko. Akasikia jenereta. Mtu mwingine angesema, vizuri, kazi inaendelea. Yeye alisikia sauti haiko mahali pake. Aliniambia baadaye, jenereta ikiwa nje inaimba, ikiwa ndani inakohoa kama mtu aliyefunikwa blanketi. Huyo mama wa kifua cha mluzi alivua viatu akakimbia soko nzima kwa matope.

Alifungua mlango wote, akazima, akaanza kuita watu na kuvuta. Halima kwanza, kwa miguu, pasi imelala juu ya sweta na sweta linaungua. Halafu Mutiso, wanaume watatu wakamsaidia kwa sababu ya ule urefu. Mimi wa mwisho. Sijui kama aliniacha mwisho kwa sababu nilikuwa mbali na mlango, ama aliona mimi nimejitakia. Nimemuuliza. Amekataa kujibu.

Nilifungua macho nikiwa nimelala kwa matope, mvua inaninyeshea mdomoni. Halima anatapika kando yangu. Mama Pasi amekaa chini katikati yetu, nguo zimechafuka mpaka kifuani, mkono mmoja kwa shingo ya Mutiso anasikiliza kama inapiga. Nilijaribu kusema kitu cha kuchekesha, ulimi ukakataa.

Hospitali ya karibu ilituwekea oksijeni sote watatu, tukalala huko. Halima ndiye aliyechukua muda. Asubuhi yake alikuwa hanikumbuki jina. Ilipofika jioni akaniangalia, akasema, "Mjinga," nami nikalia kwa furaha.

Mama Pasi alikuja akakaa kwa kitanda changu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa pasi.

"Tulikuwa wasichana," alisema, anaangalia dirishani. "Chumba kimoja, baridi ya Julai. Tuliingiza jiko ndani kwa sababu jirani angeliiba. Mimi nililala karibu na mlango, chini yake kuna nafasi. Mdogo wangu alilala ukutani. Moshi unaouma macho ni rafiki yako, unakuambia toka. Huo mwingine unakubembeleza. Umejua sasa. Usiniulize tena."

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe."

Halafu akanyoosha mkono, kiganja wazi. Nikatoa ufunguo mfukoni. Akauvaa.

* * *

Tulizunguka masoko miaka miwili mingine baada ya hapo. Alinipikia, alinishonea kola, alinitafutia mpaka mchumba, ambaye alinikataa kwa heshima. Kila kitu alinipa. Ufunguo hakunipa tena.

Nilijaribu. Nilijifunza kila kitu ambacho nilikuwa nadharau. Nilikuwa nashuka kabla yake, nainua shati langu kuangalia upepo, watu wanacheka tumbo. Nilikuwa nahesabu hatua, anasema, "Hatua zako ni ndefu, utatumalizia waya." Nilipima oili kila asubuhi. Nilinunua mnyororo mrefu wa kufika hatua ishirini, kutoka mfuko wangu, ndiyo mwizi asiwe sababu tena. Akaushika, akaupima uzito, akasema, "Mnyororo mzuri." Jioni nikamwambia, "Mama, ingia ulale, nitazima." Akasema, "Lala, dereva." Nje, kwa kastuli, akikohoa.

Halafu kile kifua kikamshinda. Ile homa ya miaka sita ilikuwa na jina refu hospitalini. Bintiye akamchukua wakaishi naye mtaa wa Lucky Summer, na jenereta ikaenda naye, imefunikwa leso kama mke mwenza. Sisi tukauza gari. Mutiso akapata kibanda, Halima akarudi Gikomba, mimi nikaendesha lori za mchanga. Nilikuwa napiga simu, si sana. Unajua vile mtu huepuka nyumba aliyowahi kuvunja kitu.

Mwaka jana, mchana, simu ikaita. Ni mkwe wake, kijana mpole wa kazi ya ofisi.

"Wewe ndiye dereva?"

"Inategemea nani anauliza."

"Stima imepotea tangu jana, transfoma ya mtaa imelipuka. Mama anatumia mashine ya oksijeni. Mtungi wa akiba umebaki wa masaa machache. Tunayo jenereta yake, nimeihudumia, nimeiweka hapa kwa korido ya chini, kwa sababu huko nje wataiiba. Sasa amekataa. Ameshikilia ufunguo. Hajalala tangu jana, anasema niitieni yule aliyetaka kuniulia watu."

Nikauliza, "Amesema hivyo hivyo?"

"Amesema vibaya zaidi."

"Usiwashe kitu. Nakuja." Nikachukua ule mnyororo nyuma ya mlango. Sikuwa nimeuuza.

Alikuwa amekaa kitandani, ghorofa ya kwanza, mito imemzunguka, mpira mwembamba puani. Alikuwa amepungua mpaka nilimtafuta kwanza. Lakini macho yalikuwa yale yale ya kuanza kwa viatu kwenda juu.

"Umenenepa," alisema.

"Ni huzuni, mama."

Akacheka, na kucheka kukamgharimu. Kifua kilipiga mluzi, bintiye akamshika mgongo. Alipopata pumzi akaingiza mkono chini ya blauzi, akatoa uzi mwekundu, ukapita kichwani taratibu. Hakukunja vidole vyangu safari hii. Aliuweka tu kiganjani.

Hakuniambia cha kufanya. Nilingoja aniambie.

Basi nikashuka. Mimi na mkwe tukaibeba kutoka korido, wima, mpaka uani. Nikatoa kitambaa mfukoni nikaangalia upepo. Nikahesabu kwa sauti, hatua fupi, hatua za mama mzee, na watoto wa ploti wakahesabu na mimi. Ishirini ikafika karibu na ukuta wa nyuma, penye nguzo ya chuma. Nikaweka mbao, nikafunga mnyororo kwa nguzo, nikageuza bomba likaangalia uwanja mtupu. Nikapima oili. Nikanyoosha waya wote, mpaka juu kwa mashine yake. Nikaomba majirani wa upande huo wafunge madirisha, mmoja akanitukana, akafunga. Halafu nikawasha, nikakaa kwa kiti cha plastiki.

Iliimba.

Baada ya kama nusu saa bintiye akatoa kichwa dirishani upande wa pili, mkono kwa mdomo. "Amelala," akasema kwa sauti ya chini.

Nikadhani ana maana mbaya, nikaruka. "Amelala vipi?"

"Amelala. Usingizi. Mashine inafanya kazi, anapumua vizuri. Aliuliza kama umekaa hapo, nikamwambia ndiyo. Akageuka akalala."

Nilisogeza kiti kidogo, nione jenereta na lile dirisha pamoja.

Saa kumi stima ikarudi. Ploti nzima ikapiga kelele, redio zikaanza zote mara moja. Wakahamisha mashine kwa soketi ya ukutani. Mkwe akaja mbio, amefurahi. "Unaweza kuzima sasa."

"Ngoja."

"Lakini haina kazi. Unachoma petroli bure."

"Sauti ikibadilika ataamka," nikamwambia. "Hiyo ndiyo amelalia."

Akaniangalia, akaangalia jenereta. Halafu akaenda akaleta kiti chake. Tukakaa wawili, tunalinda kitu kisicho na kazi, mpaka jua likaanza kuingia nyuma ya maghorofa.

Ndiyo nikasikia ile sauti, nyembamba lakini bado inajua njia.

"Dereva!"

"Naam, mama!"

"Stima ilirudi saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, mama."

"Muongo. Zima. Na usiiguse mpaka ipoe, njoo unywe chai."

Nikazima, nikapanda. Tulikunywa polepole sana, andazi vipande vidogo vidogo. Ufunguo hakuuitisha. Mimi pia sikumkumbusha.